Panya mzazi: namna ya kupima jeni na maradhi ya akili baada ya kujifungua kwenye maabara ndogo ya Tanga

Kila wakija wanafunzi wapya, maswali ni yaleyale: nianze na panya wa aina gani, nitajuaje kama ana sonona, na mbona mama kala watoto wote usiku wa kwanza? Mwongozo huu ni wa mtu aliye Tanga mjini, Muheza au Pangani, mwenye chumba kimoja cha wanyama, mashine moja ya PCR (ya kuzidisha vipande vya DNA ili visomeke) na jenereta inayowaka ikipenda.

Shika jambo moja kabla hujagusa tundu. Panya anayetelekeza vichanga si lazima awe na kasoro ya akili. Huenda amezidiwa na joto, hana maziwa, hasikii, au vichanga wenyewe ni dhaifu. Kuona utelekezaji ni kazi ya dakika kumi. Kufuta sababu nyingine zote mpaka ibaki jeni peke yake ni kazi ya miezi, na hatua karibu zote hapa chini zipo kwa ajili hiyo.

Tukisema panya tunamaanisha yule mdogo wa maabara, mwenye gramu 20 hadi 30. Panya buku usimguse, na panya shamba usimkamate ukamfuga: ana magonjwa yake, na ukoo wake huujui.

Nadharia, kidogo tu

Kwa binadamu, saikosisi ya baada ya kujifungua, yaani mzazi kupotewa na uhalisia, humpata mzazi 1 au 2 katika kila 1,000, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo, yaani arobaini haijafika hata nusu. Sonona ya uzazi ni ya kawaida zaidi. Utafiti wa mapacha wa Sweden uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kuwa karibu nusu ya tofauti baina ya wanawake katika sonona hiyo inatokana na urithi. Kwa hiyo jeni zina sehemu yao, na mazingira yana yake.

Panya hawezi kukuambia kwamba amekata tamaa wala kwamba anasikia sauti. Unachopima ni vipande: anavyojenga kiota, anavyorudisha vichanga, anavyopenda kitu kitamu, anavyoogopa mahali pa wazi. Kwenye ripoti andika hivyo hivyo. Ukiandika "panya wenye sonona", mkaguzi yeyote makini atakurudishia.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vibali kwanza. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Andiko lako lipite kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako, na awepo daktari wa mifugo anayejua panya. Ukiwa na washirika kutoka nje, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wanahusika. Panya waliobadilishwa jeni wanaingia pia kwenye kanuni za usalama wa bayoteknolojia zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Uliza haya kabla ya kuagiza panya. Akishafika uwanja wa ndege umechelewa.

Halafu vifaa:

- chumba chenye kiyoyozi, taa za saa 12 kwa 12 zinazojiwasha zenyewe, na kipimajoto kinachotunza kiwango cha juu na cha chini;
- matundu yasiyopungua 40, na chupa za maji mbili kwa kila tundu la majaribio;
- mizani inayosoma hadi gramu 0.01;
- pamba iliyogandamizwa ya kujengea kiota, vipande vya gramu 3;
- kamera inayoona gizani, na saa ya kuhesabu sekunde;
- hadubini ya kawaida, vioo vyake, maji ya chumvi ya hospitali na pipeti;
- NaOH, EDTA, Tris-HCl, vimeng'enya vya PCR, praima za jeni yako (vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR), agarosi ya kutengenezea jeli.

Vitu vitatu vinavyoangusha watu wa pwani havimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo tuvikalie kidogo.

Cha kwanza ni joto. Miongozo ya kimataifa inataka nyuzi 20 hadi 26 na unyevu wa asilimia 30 hadi 70. Wakati wa kaskazi, chumba cha Tanga kisicho na kiyoyozi kinapita 30 bila kuuliza. Panya anayenyonyesha anazalisha joto jingi mwilini, na kazi yake ngumu ni kulitoa. Chumba kikipata moto atatoka kiotani, atajinyoosha pembeni na kuwaacha vichanga peke yao. Kwenye video huyo anaonekana kama mama asiyejali. Hana neno, anajipoza.

Cha pili ni chakula. Mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumukuvu huharibu mimba na hupunguza maziwa. Chakula chochote, hata kiwe cha kuku bora, usikiamini kama hakijapimwa. Soya nayo ina kemikali zinazofanana na estrojeni. Kama swali lako linagusa homoni, tumia chakula kimoja chenye kiasi kilekile cha soya mwanzo hadi mwisho, na usibadilishe gunia katikati ya jaribio.

Cha tatu ni matandiko. Vumbi la mbao la fundi seremala ni la bure, lakini fundi hakuambii mbao gani ilipakwa dawa ya mchwa. Tumia vipande vya mbao isiyo na dawa, vilivyopigwa joto. Nyuzi za mkonge, hata kama ndizo fahari ya mkoa, ni ngumu na hazichambuki kuwa laini. Sufi ni laini mno: nyuzi zake huzunguka mguu wa kichanga na kuukaba. Pamba iliyogandamizwa inatosha.

Na miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye mafuta. Sisimizi wakiingia kwenye tundu lenye vichanga wa siku moja, asubuhi hutakuta cha kupima.

Hatua ya 1. Chagua jeni moja na swali moja

Usianze na jeni tano. Hizi ndizo zinazofaa kusomwa kabla ya kuchagua:

*Gabrd.* Hutengeneza kipande cha delta cha kipokezi cha GABA-A, kinachotuliza seli za ubongo, nacho ni kipande kinachoitikia alopregnanoloni. Homoni hiyo hupanda sana wakati wa mimba na hushuka ghafla baada ya kuzaa. Mwaka 2008 watafiti Maguire na Mody walionyesha kuwa panya waliokosa kipande hiki walibadilika tabia baada ya kuzaa, na vichanga wao wengi walikufa. Njia hiyohiyo ndiyo iliyozaa dawa za sonona ya uzazi: brexanolone, iliyoidhinishwa Marekani 2019, na zuranolone, 2023. Kwa anayeanza, huu ndio mfano wenye msingi imara zaidi.

*Hp1bp3.* Ilitokea kwenye utafiti wa alama za juu ya vinasaba (kemikali zinazokaa juu ya DNA) kwa wanawake wenye sonona ya uzazi. Panya waliozimwa jeni hii huwa na ulezi hafifu.

*FosB, Peg1 na Peg3.* Zilizimwa miaka ya 1990, na mama wakashindwa kulea. Peg1 na Peg3 zina mtego wake, tutaufikia kwenye hatua ya 2.

*Oksitosini.* Wengi huikimbilia kwa jina lake. Panya aliyekosa oksitosini hujifungua na kulea vizuri tu, ila maziwa hayatoki, na vichanga hufa njaa. Ukihesabu vifo peke yake utasema ni mama mbaya. Jeni hiyo imegusa titi.

Swali lako liandikwe hivi: je, kuzimwa kwa jeni hii kunabadilisha tabia kwa mzazi kuliko kunavyobadilisha kwa jike asiyezaa? Bila majike wasiozaa huna utafiti wa baada ya kujifungua. Una utafiti wa jeni na tabia kwa jumla.

Hatua ya 2. Panga upandishaji kwenye karatasi

Makundi ni manne: mzazi +/+, mzazi −/−, asiyezaa +/+, asiyezaa −/−. Alama + ni nakala nzima ya jeni, − ni iliyozimwa, na +/− ana moja ya kila aina. Anza na hesabu ya majike 12 kwa kila kundi, kisha uirekebishe ukishaona data ya majaribio ya awali.

Majike wako wote watoke kwa wazazi wa +/−, wawe ndugu wa tumbo moja au matumbo yanayokaribiana. Usinunue −/− huku na +/+ kule ukawalinganisha. Kwenye upandishaji wa +/− kwa +/−, kichanga 1 kati ya 8 atakuwa jike wa −/−. Unahitaji 24, maana yake vichanga 192. Kwa uzao wa vichanga 7, hizo ni mimba 28 zilizofanikiwa. Panga 36, kwa sababu zipo zitakazoharibika. Wengi hufika hapa wakagundua kuwa matundu yao hayatoshi. Bora ugundue kwenye karatasi.

Ukoo uwe umerudishwa, yaani umepandishwa tena na tena, kwa C57BL/6, ukoo wa kawaida wa maabara, vizazi 10 au karibu na hapo. Epuka koo za FVB na C3H kwa majaribio ya kuona: wana jeni inayoharibu macho, na jike kipofu kwenye jukwaa la msalaba lililoinuliwa juu hakupi habari yoyote ya woga. C57BL/6 naye hupoteza usikivu wa sauti za juu kadiri anavyozeeka, na kichanga anayelilia mama hulia kwa sauti za juu ambazo sikio lako halizisikii. Tumia majike wa miezi 2 hadi 5.

Sasa ujanja ambao ungefundishwa siku ya kwanza ungeokoa tasnifu nyingi. Ukimpandisha jike −/− kwa dume yeyote na jike +/+ kwa dume yeyote, vichanga watatofautiana jeni, na hutajua kama aliyebadilika ni mama au ni mtoto asiyelia vizuri. Fanya hivi:

- jike −/− kwa dume +/+;
- jike +/+ kwa dume −/−.

Vichanga wa pande zote mbili ni +/−, sawa kwa sawa. Kilichobaki tofauti ni mama.

Mtego wa Peg1 na Peg3 ndio huu: nakala inayofanya kazi ni ya baba tu, ya mama imenyamazishwa. Jike −/− kwa dume +/+ atazaa vichanga walio wazima kikazi. Jike +/+ kwa dume −/− atazaa vichanga waliozimwa kabisa, ingawa kwenye jeli wote watasomeka +/−. Kwa jeni za namna hii ujanja wa juu haufai. Nenda moja kwa moja kwenye kubadilishana vichanga, hatua ya 6.

Hatua ya 3. Soma vinasaba

Kata kipande cha sikio cha milimita 2, panya akiwa na wiki 3.

Kimiminika cha kwanza ni NaOH milimola 25 na EDTA milimola 0.2: gramu 1 ya NaOH na gramu 0.074 ya EDTA yenye sodiamu mbili, kwa lita moja ya maji. Cha pili ni Tris-HCl milimola 40, gramu 6.3 kwa lita, nayo itakaa kwenye pH 5 au karibu yake bila kuongezwa asidi.

Weka kipande kwenye mikrolita 75 za kimiminika cha kwanza, nyuzi 95 kwa dakika 30 hadi 60. Poza. Ongeza mikrolita 75 za cha pili. Chukua mikrolita 1 au 2 tu kwenye PCR ya mikrolita 25. Jeli ya asilimia 2.

Kosa la pwani: punje za NaOH hunyonya unyevu hewani. Kopo likiachwa wazi robo saa, punje zinang'aa kwa maji na gramu unayopima si ya NaOH tena. Pima upesi, funga, tunza pamoja na vifuko vya silika.

Kila jeli iwe na +/+, +/− na −/− unaowajua tayari, na shimo la maji matupu. Panya akifa au akimaliza jaribio, chukua sampuli ya pili na uisome upya. Namba za matundu hukosewa kuliko mtu anavyopenda kukiri.

Hatua ya 4. Kupandisha

Siku 3 kabla, chota matandiko machafu ya dume uyatie kwenye tundu la majike. Harufu yake huwaingiza joto (utayari wa kupandwa) kwa pamoja, na wengi watapandwa usiku wa tatu. Weka majike 2 kwa dume 1, kwenye tundu la dume.

Kila asubuhi kabla ya saa 2 angalia kizibo cheupe kwenye uke, mchana hudondoka. Siku ya kizibo ihesabu nusu siku ya mimba. Mtoe jike, mpime, umpime tena siku ya 10. Akiwa ameongezeka karibu gramu 2, kashika. Kizibo peke yake si mimba.

Usimweke jike aliyepandwa karibu na dume mgeni siku za mwanzo, wala usimtilie matandiko yake. Harufu ya dume asiyemjua inaweza kuizima mimba. Na dume asibaki mpaka uzazi, kwa sababu jike huingia joto tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa. Utajikuta unapima mama anayenyonyesha huku ana mimba nyingine.

Majike wasiozaa wa kulinganishia wakae chumba hichohicho, umri uleule, wahamishwe na kushikwa mara zilezile.

Hatua ya 5. Mwisho wa mimba na kujifungua

Mimba ni siku 19 hadi 21. Siku ya 16 mhamishie kila jike tundu lake mwenyewe lenye kipande kipya cha pamba. Kuanzia hapo usibadilishe tundu mpaka siku ya 5 baada ya kuzaa.

Pima pamba ya kiota: iweke jioni, gramu 3, na asubuhi pima iliyobaki bila kuchambuliwa. Kisha kipe kiota alama 1 hadi 5. 1 ni pamba haijaguswa, 5 ni kiota chenye kuta ndefu kama bakuli. Kipimo hiki ni cha bei rahisi na hakimsumbui mama, ila kwenye nyuzi 29 hata mama bora hajengi kuta. Andika joto la usiku ule pembeni ya alama.

Siku ya kuzaa hesabu kwa macho, usishike. Ukilazimika kushika, sugua glavu kwanza kwenye matandiko ya tundu lile.

Hatua ya 6. Sawazisha vichanga, badilishana ikibidi

Siku ya 1 baada ya kuzaa, acha vichanga 6 kwa kila mama. Mama mwenye 3 na mwenye 9 hawana kazi sawa, wala homoni sawa.

Ukiona mama wa −/− wanapoteza vichanga, usiendelee kuwapima hivyo hivyo. Mama aliyebaki mkono mtupu si sawa na anayenyonyesha, na utakuwa unalinganisha kufiwa na kulea. Chukua vichanga +/+ wenye afya kutoka kwa mama wengine waliozaa siku ileile, uwape wote, wa −/− na wa +/+ pia, 6 kwa 6. Wachanganye na matandiko ya kiota kipya dakika chache kabla mama hajarudishwa. Lifanye ndani ya saa 24 za kwanza.

Kubadilishana kunafuta tofauti za vichanga baada ya kuzaliwa tu. Kondo la nyuma limeshazungumza na mama wakati wa mimba: utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa kubadilisha dozi ya jeni Phlda2 kwa vichanga tumboni kulibadilisha ulezi wa mama ambaye jeni zake mwenyewe hazina kasoro. Kwa hiyo vichanga wa mimba nao jeni zao ziandikwe.

Hatua ya 7. Kagua mwili kabla ya akili

Siku ya 1 hadi ya 4, kichanga aliyenyonya ana doa jeupe linaloonekana kwenye ngozi, upande wa kushoto wa tumbo. Hesabu wenye doa. Pima uzito wa vichanga wote pamoja kila siku, saa ileile. Wakiwa na doa na wanaongezeka, maziwa yapo.

Pua nayo. Mnyime mama chakula kwa saa chache, si usiku kucha, maana ananyonyesha. Kisha zika kipande cha biskuti chini ya matandiko, sentimita 2 au 3. Asiyekiona kwa dakika 15 huenda hanusi, na asiyenusi harudishi vichanga.

Wakishindwa hapa, huna haja ya kwenda mbele.

Hatua ya 8. Kurudisha vichanga, siku ya 3

Mtoe mama, mweke tundu safi. Chukua vichanga 3, waweke kwenye pembe tatu zilizo mbali na kiota. Wengine wabaki kwenye kitambaa chenye joto la nyuzi 33 hadi 34. Baada ya dakika 5 mrudishe mama juu ya kiota chake, anzisha saa. Andika sekunde za kumnusa kichanga wa kwanza, za kumrudisha wa kwanza, wa pili, wa tatu, na za kuwalalia wote watatu. Kikomo ni dakika 15.

Ukitazama kwa karibu, mama mzima hukimbia pembeni, humbana kichanga mgongoni kwa meno bila kumtoboa, kichanga hukunja miguu na kunyamaza, na huyo anamtupa kiotani kabla hajageuka kumfuata wa pili. Mwenye shida kwa kawaida haendi polepole. Anaanza, anamwacha njiani, anaenda kuchimba kona. Andika na hilo, saa peke yake hailioni.

Ambaye hakurudisha usimwandikie sekunde 900 ukapiga wastani. Hiyo ni data iliyokatwa: unajua tu kwamba muda wake ulizidi kikomo. Ichambue kwa mbinu ya muda wa kuokoka, kama wanavyofanya watu wa malaria na saratani.

Jike asiyezaa akizoeshwa vichanga mara chache naye huanza kuwarudisha. Kwa hiyo kundi la wasiozaa lisionyeshwe kichanga hata mara moja. Wao ni wa majaribio ya hatua ya 9.

Hatua ya 9. Majaribio ya hisia, siku ya 5 hadi ya 10

Sukari. Siku 2 za kuzoea chupa mbili, kisha siku 2 za kupima. Chupa moja maji, nyingine sukari asilimia 1, gramu 1 kwa mililita 100. Geuza upande kila baada ya saa 24, na ubadilishe sukari palepale, maana kwa joto letu huchacha. Pima chupa kwa mizani. Weka jozi moja kwenye tundu lisilo na panya ili ujue kiasi kinachovuja. Anayenyonyesha hunywa mara mbili hata tatu ya asiyezaa, kwa hiyo tumia asilimia: akinywa sukari mililita 9 na maji mililita 3, upendeleo ni 75. Chupa zote mbili zitoke kwenye maji yaleyale yaliyochujwa. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi inabadilisha ulimi.

Woga. Uwanja wa wazi dakika 10, jukwaa la msalaba (lenye mikono iliyo wazi na yenye kuta) dakika 5, siku tofauti. Panya anayenyonyesha kwa asili ni jasiri kuliko asiyezaa. Usishangae, tazama kama −/− wamepoteza ujasiri huo.

Kuogelea. Dakika 6, hesabu kutotikisika dakika 4 za mwisho, maji ya nyuzi 23 hadi 25. Maji ya bomba mchana yako juu ya hapo, tumia barafu ndani ya mfuko. Ushauri: kama kamati haikulazimishi, liache. Linapima namna ya kukabili shida zaidi ya huzuni, na mama anarudi kwa watoto akiwa ameloa. Ukilifanya, liwe la mwisho, naye akaushwe.

Kwa wasiozaa, kila siku ya jaribio suuza uke kwa mikrolita 20 za maji ya chumvi na utazame kwenye hadubini. Seli bapa zisizo na kiini, yuko kwenye joto. Seli nyeupe nyingi za damu, hayuko. Wapime wakiwa hawako kwenye joto.

Anayeangalia video asijue jeni. Mtu mwingine aandike namba za siri na azifungie.

Hatua ya 10. Kuhesabu

Kipimo kimoja ni mama mmoja. Vichanga 6 wa mama mmoja si namba 6. Mfumo wa hesabu uwe na jeni, hali ya uzazi, na mwingiliano wa viwili hivyo, yaani kama athari ya jeni kwa waliozaa ni tofauti na kwa wasiozaa. Dai lako limo kwenye mwingiliano. Jeni ikiwa na athari ileile kwa wote, wazazi na wasiozaa, sema hivyo na usitaje kujifungua kwenye kichwa cha habari.

Mambo yanayoharibika, na pa kuanzia kuangalia

*Mama kala vichanga siku ya kwanza.* Kama ni +/+ pia, si jeni. Angalia kelele ya jenereta, sisimizi, kama tundu lilibadilishwa karibu na kuzaa, na kama ni uzao wake wa kwanza. Mzao wa kwanza hupoteza zaidi. Usichanganye na wazoefu. Pia tofautisha kichanga aliyeuawa na aliyekufa kisha akaliwa. Mama hula maiti kusafisha kiota. Kamera ya usiku ndiyo itakayokujibu.

*Vichanga hawana doa la maziwa, lakini mama anawalalia.* Tatizo ni maziwa au kunyonya. Wape mama mwingine: wakinyonya, kasoro iko kwa mama wa kwanza, titini au kwenye homoni.

*Hakuna vizibo.* Dume kachoka, au ana zaidi ya miezi 8, au taa hazizimiki usiku. Mwanga wa taa ya nje kupitia dirishani unatosha kuvuruga.

*Jeli tupu.* Umeweka sampuli nyingi mno kwenye PCR, au NaOH ilikuwa na maji. Punguza sampuli mara kumi kabla ya kulaumu praima.

*Sukari asilimia 50 kwa kila panya, hata +/+.* Chupa zinavuja, au hawakuzoeshwa, au wana upande wanaoupenda na hukugeuza chupa.

*Mama wote wa wiki moja walilala mbali na kiota.* Fungua kipimajoto kabla ya kompyuta. Usiku ambao joto lilizidi nyuzi 28, data ya asubuhi yake iweke kando kwa makundi yote, si kwa kundi lisilokupendeza tu. Amueni kikomo hicho kabla ya jaribio, mkiandike kwenye daftari.

*Umeme umekatika katikati ya jaribio.* Simamisha saa, mrudishe mama na vichanga wote kiotani, andika dakika iliyofikiwa. Usimrudie siku hiyo. Kama taa za chumba zilikaa vibaya zaidi ya saa moja, subirini siku mbili kamili kabla ya kupima yeyote, na hakikisha kisaa cha taa hakijaanza kuhesabu upya kuanzia saa umeme uliporudi. Ndicho kinachosahauliwa kila mara: wiki nzima panya wanaishi usiku wao mchana, na hakuna aliyeangalia.